Tujue ramani yetu, tujue wa kuuliza

Hotuba kwa vijana wa Beni na Butembo

Kwanza tunawakumbuka wote waliouawa katika eneo letu tangu Oktoba 2014. Wengi walikuwa wakulima waliokwenda tu shambani kutafuta chakula cha watoto.

Leo tunawaletea ramani. Mtu atasema: batu wanakufa, ninyi mnafundisha jografia? Ndiyo, tunafundisha. Wakubwa wanaijua ramani hii vizuri, na kila siku wanafaidika na sisi kutoijua.

Tuanze na ardhi. Mashariki iko Ruwenzori, na kilele chake Margherita, mita 5109, mlima wa tatu kwa urefu Afrika. Magharibi iko milima ya Mitumba, ambamo Butembo imejengwa. Katikati linapita bonde la Semuliki, mto unaotoka Ziwa Edward kwenda Ziwa Albert. Sehemu kubwa ya bonde hilo iko ndani ya Hifadhi ya Virunga, ambayo Wabelgiji waliianzisha mwaka 1925. Mpaka na Uganda unapita juu ya mlima. Wazungu walipatana juu yake mwaka 1910 huko Brussels, mwenye shamba hakuulizwa. Njo maana ndugu mmoja anaitwa Munande huku, mwingine Mukonzo kule, na lugha yao karibu ni moja.

Sasa tuje kwa utawala. Kivu ya Kaskazini iko na territware sita na miji mitatu. Huku kwetu ni territware ya Beni, makao yake Oicha. Territware ya Lubero. Mji wa Beni. Na mji wa Butembo. Territware ya Beni iko na sekta mbili, Beni-Mbau na Ruwenzori, na usultani mbili, Bashu na Watalinga. Lubero iko na sekta ya Bapere na usultani za Baswagha, Bamate na Batangi. Mji wa Beni uko na komine nne: Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Butembo pia nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba.

Mmesikia? "Beni" ni mji, tena ni territware. "Ruwenzori" ni mlima, ni sekta, tena ni komine. Kijana akituma alerte usiku, "wameshambulia Ruwenzori", watu watakimbilia wapi? Na askari atapata sababu ya kusema hakuelewa. Tangu leo, alerte itaje kijiji, kundi la vijiji, sekta au komine. Neno moja zaidi linaweza kuokoa jamaa nzima.

Kisha kuna mpaka wa Ituri, pale juu ya Eringeti. Wauaji wanauvuka bila kuuliza ni wa jimbo gani. Lakini watu wakiuawa, upande huu unasema ni kwa wale, na upande ule unasema ni kwa hawa. Maiti haina jimbo, wandugu. Majimbo yote mawili yako chini ya utawala ule ule wa dharura wa kijeshi, eta de siyeji, tangu Mei 2021. Kwa hiyo sababu ya mpaka imekwisha.

Kifungu cha 85 cha Katiba kinaruhusu hali ya dharura. Ilitangazwa kama dawa ya muda, lakini imeongezwa kila siku 15, tena na tena. Gavana, meya na wasimamizi wa territware wakawa maafisa wa jeshi na wa polisi. Raia hajawachagua, hawezi kuwaondoa. Na mauaji je? Kila mmoja ajibu mwenyewe.

Sheria ya 2008 inasema mji, komine, sekta na usultani ziko na bajeti yao wenyewe. Territware haina, ni ofisi ya serikali kuu. Basi mama wa soko akilipa taksi, ana haki ya kuuliza mji au komine: pesa ilienda wapi? Na Katiba, kifungu cha 175, inaweka asilimia 40 ya mapato ya taifa kwa majimbo, ikatwe hapo hapo. Malori yanapita Kasindi mchana na usiku. Tuulize kilichorudi.

Lakini tunamuuliza nani, kama mwakilishi hatuna? Desemba 2018 tuliondolewa kwenye kura ya rais kwa sababu ya Ebola na usalama. Rais aliapishwa Januari 2019, sisi tukapiga kura Machi, ya wabunge tu. Desemba 2023 madiwani wa komine walichaguliwa Kinshasa na katika miji mikuu ya majimbo. Beni na Butembo, hapana.

Sasa ramani imepasuka tena. Juni 2024 M23 walichukua Kanyabayonga na Kirumba, na Lubero ikakatwa vipande viwili. Mwisho wa Januari 2025 Goma ikaanguka. Serikali ya jimbo ikaja kukaa Beni, na waasi wakaweka gavana wao Goma. Jimbo moja, magavana wawili, na raia katikati na mzigo wake kichwani.

Katika hali hii kuna wanaotuambia: "Tujitenge, Grand Nord iwe jimbo." Ni kweli, mwaka 2015 majimbo yalipokuwa 26, Kivu ya Kaskazini haikugawanywa. Mjadala huo ni halali, siku kukiwa na amani na bunge la jimbo. Lakini mpaka uliochorwa kwa bunduki hatuukubali, wala hatukubali mtu aitwe mgeni kwa sababu ya kabila lake. Aliyekimbia Masisi au Rutshuru akafika Butembo ni ndugu yetu. Anayemtisha anafanya kazi ya adui bure.

Tunadai mambo matatu. Moja: utawala wa kiraia urudi, na jeshi lirudi kwenye kazi yake ya kulinda watu. Mbili: uchaguzi wa komine ufike Beni na Butembo. Tatu: kila mji na kila komine ibandike ukutani hesabu ya taksi, kila miezi mitatu.

Na sisi tuko na kazi. Kila kundi la kata lichore ramani yake: barabara, shule, kituo cha afya, kambi ya askari, na jina la mkubwa anayehusika. Mwezi kesho tutaziunganisha, na kila mkubwa tutampelekea barua yake, kwa amani, bila jiwe mkononi. Asiseme tena kwamba si kwake.

Tuko pamoja.