Masharti ya Kuwa Mwalimu wa Ndege za Majini

(Mazungumzo yaliyotolewa katika darasa la jioni la wanachama)



Wengi wenu mna watoto wanaotamani urubani, na vijana wetu wa karakana nao wanauliza. Huambiwa kwamba huko Marekani mtu aweza kupata idhini ya kuendesha ndege za majini za injini mbili kwa siku chache, kisha akawa mwalimu wa kulipwa. Neno la kwanza lina ukweli ndani yake. La pili lina mlima mbele yake. Kabla mtu hajauza shamba au kuitisha harambee, yafaa aujue urefu wa mlima huo.

Ndege za majini si jambo geni kwetu. Mwaka 1937 ndege kubwa za Imperial Airways, zenye injini nne, zilikuwa zikitua Kisumu na Mombasa katika safari za Durban. Hata mwaka 1950 ndege za BOAC zilikuwa zikitua katika ziwa Naivasha. Baadaye viwanja vya nchi kavu viliichukua kazi hiyo. Huko Marekani, hasa Florida na Alaska, ndege ndogo za majini bado ni nyingi, na sheria za marubani wake hutoka katika idara ya serikali iitwayo FAA.

Sasa sikilizeni masharti yenyewe.

Kwanza, idhini ya kuendesha. Mtu ambaye tayari ni rubani wa ndege, akitaka kuongezewa idhini ya injini nyingi majini, sheria haikumwekea idadi ya saa za kujifunza. Wala hafanyi tena mtihani wa kuandika, maadamu anabaki katika daraja lile lile la leseni. Mwalimu humfundisha, humtilia sahihi katika daftari lake la saa kwamba ameiva, kisha hutahiniwa kwa mdomo na kwa kuruka. Hutakiwa kuonyesha kwamba aweza kuiongoza ndege isiyo na breki juu ya maji, kutua juu ya maji matulivu kama kioo ambapo jicho halipimi kimo, na kuimiliki ndege injini moja ikizimika.

Basi siku chache zaweza kutosha. Lakini angalieni lile neno "tayari." Leseni ya kwanza, isiyoruhusu kulipwa, hutaka saa 40 za kuruka kwa uchache. Leseni ya kulipwa, kwa njia ya kawaida, hutaka saa 250. Hapo ndipo fedha zinapokwisha, si katika zile siku chache za majini.

Pili, kazi ya kufundisha. Mwalimu wa ndege sharti awe na miaka 18 au zaidi, na ajue Kiingereza cha kusoma, kusema na kuandika. Sharti awe na leseni ya kulipwa au iliyo juu yake, pamoja na idhini ya kuruka kwa kufuata vyombo peke yake bila kuona nje. Awe amekuwa rubani mkuu kwa saa 15 katika namna ya ndege anayoombea idhini ya kufundisha. Ajifunze kuiokoa ndege inayoanguka huku ikizunguka, na mwalimu wake atie sahihi.

Tena kuna mitihani miwili ya kuandika. Mmoja ni wa elimu ya urubani. Wa pili ni wa ufundishaji wenyewe: jinsi mtu anavyojifunza, na jinsi ya kumsahihisha asivunjike moyo. Mwalimu wa shule mwenye cheti kinachokubaliwa na FAA aweza kusamehewa huo wa pili. Mwisho hutahiniwa kwa kuruka.

Hakuna cheti cha pekee cha mwalimu wa majini. Cheti cha ualimu husema injini moja au injini nyingi. Neno "majini" hutoka katika leseni yake ya urubani. Sharti awe na vyote viwili. Na kabla hajamfundisha mtu apate idhini ya injini nyingi, awe amekuwa rubani mkuu kwa saa 5 katika ndege ya chapa na muundo ule ule. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa ndege za majini za injini mbili ni chache, na mwenye nayo haikodishi ovyo.

Zamani cheti cha ualimu kilikwisha baada ya miezi 24. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 vyeti vipya havina tarehe ya mwisho, lakini mwalimu bado hutakiwa kuonyesha kila miezi 24 kwamba yu kazini au amejikumbusha.

Ndugu zangu, katika sheria hizo yamo mawili yanayotuhusu sisi wafanya kazi wote. Moja, fundi hodari hakabidhiwi wanagenzi mpaka naye afunzwe kufundisha. La pili, mwalimu wa ndege haruhusiwi kufundisha hewani zaidi ya saa 8 katika saa 24 zinazofuatana. Wamekubali kwamba uchovu huua. Hoja hiyo twaweza kuileta mbele ya mwajiri yeyote.

Basi mzazi asitoe fedha kabla ya kuuliza haya. Je, bei hiyo ni ya idhini moja tu, au ni ya safari yote tangu saa ya kwanza? Je, kijana ataruhusiwa kuruka kama rubani mkuu apate zile saa 5, au atakuwa abiria wa mwalimu? Je, anajua kwamba mgeni huchunguzwa na serikali ya Marekani kabla ya kuanza, na kwamba viza ya mwanafunzi wa ufundi haimruhusu kuajiriwa huku akisoma? Na akirudi, leseni ya Marekani haimpi kazi hapa moja kwa moja. Sharti aipeleke kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya ikubaliwe au ibadilishwe.

Majibu yatolewe kwa maandishi, na yasomwe na watu wawili au watatu kabla ya sahihi. Asiyeelewa na aje ofisini kwetu, tuisome karatasi pamoja.

Umoja ni nguvu.