Risasi ya Kuyeyusha: Kupiga Mara Moja Si Kipimo

Ndugu wanakisomo wa Mvumi na wa vijiji vyote vya Kilosa, tayarisheni daftari na kalamu. Mwalimu wa darasa naye awe na chaki mkononi, maana leo tutafanya hesabu ubaoni.

Ninyi ni wakulima. Mahindi yakianza kubeba, nguruwe mwitu na nyani hawana likizo. Basi mtu hukesha dunguni akilinda shamba lake. Tangu zamani wako walinzi waliotumia gobore. Gobore hushindiliwa kwa mdomoni: kwanza baruti, kisha kitambaa, kisha risasi. Na risasi yenyewe mara nyingi iliyeyushwa motoni ikamiminwa katika kalibu. Lugha yetu inakumbuka jambo hilo: risasi ni jina la madini, tena ni jina la kile kitokacho katika bunduki.

Mwenye gobore akimpiga nguruwe mmoja, husema, "Risasi zangu ni nzuri." Swali la somo letu ni hili: amejuaje? Amepiga mara moja tu. Huenda ni uzuri wa risasi, na huenda ni bahati.

Katika nchi nyingine, kama Marekani, sheria inawaruhusu watu wengi kumimina risasi zao na kuzishindilia katika maganda kwa matumizi ya bastola. Walio makini hawaziamini mpaka wazipime. Hupima mambo mawili: kasi na shabaha.

Tuanze na kasi. Risasi haionekani ikiruka. Utaipimaje? Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alieleza njia yake katika kitabu. Alining'iniza gogo zito kama pembea, akalipiga risasi. Gogo likasukumwa nyuma. Kwa kujua uzito wa gogo, uzito wa risasi, na gogo limesogea kiasi gani, aliweza kuhesabu kasi ya risasi.

Siku hizi kuna chombo chenye macho mawili ya umeme. Risasi ikipita jicho la kwanza, saa huanza. Ikipita la pili, saa husimama. Andikeni: macho yameachana mita 1. Risasi imetumia sehemu 4 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Umbali gawanya kwa muda: 1 gawanya kwa 0.004 ni 250. Basi kasi ni mita 250 kwa sekunde. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde.

Sasa mwalimu achore ubaoni safu mbili. Hesabu hizi ni za mfano. Bwana wa kwanza amepiga risasi tano: 248, 252, 250, 247 na 253. Bwana wa pili naye amepiga tano: 210, 290, 250, 225 na 275. Jumlisheni kila safu, kisha gawanyeni kwa 5.

Mmepata nini? Safu zote mbili jumla yake ni 1,250, na wastani ni 250. Je, risasi zao ni sawa? Hapana! Kwa bwana wa kwanza, tofauti ya kubwa na ndogo ni 6 tu. Kwa bwana wa pili ni 80. Wastani peke yake umetuficha ukweli. Hapana budi tutazame pia jinsi hesabu zilivyotawanyika.

Kutawanyika huko kuna hasara gani? Kila risasi huanguka kidogo kidogo ikiruka, kama jiwe lililotupwa. Iendayo polepole huanguka zaidi kabla ya kufika. Kwa umbali wa mita 50, risasi ya kasi ya 290 itashuka kama sentimita 15, na ile ya 210 itashuka kama sentimita 28. Mpigaji ni yule yule, jicho ni lile lile, lakini risasi moja imepita juu na nyingine imepita chini. Na nyuma ya nguruwe pengine pana dungu la jirani, na mtoto amelala humo.

Jambo la pili ni shabaha. Hapa hupigwa risasi kadhaa katika karatasi moja, bastola ikiwa imeegemezwa mahali imara, kisha hupimwa umbali kati ya matundu yaliyoachana zaidi. Tundu moja katikati halithibitishi kitu. Matundu mengi yaliyokaribiana ndiyo ushahidi. Tena mpimaji hubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Akibadili baruti na risasi pamoja, hatajua lipi limeleta tofauti.

Kwa nini risasi za kuyeyusha hutofautiana? Pengine moja ina tundu la hewa ndani, ikawa nyepesi. Pengine madini ni laini mno. Mtutu wa bastola una mifuo inayoizungusha risasi kama pia, ili iende sawa. Risasi laini ikisukumwa kwa nguvu nyingi huacha mabaki katika mifuo hiyo, na shabaha huharibika. Ndiyo maana mafundi huchanganya madini ya risasi na bati na antimoni ili yawe magumu. Gobore la kienyeji kwa kawaida halina mifuo. Kwa hiyo risasi yake huyumba hata ikimiminwa vizuri.

Ndugu zangu, sikuwafundisha haya ili mkayajaribu nyumbani. Baruti ikizidi, mtutu hupasuka usoni mwa mpigaji. Risasi nayo ni sumu: mvuke na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto, wala hakijulikani kiasi kisichodhuru. Sufuria iliyoyeyushia risasi isirudi jikoni kamwe. Tena Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza au kumiliki silaha na risasi bila kibali. Wanyama wakizidi, pelekeni habari kwa ofisa mtendaji wa kijiji na kwa askari wa wanyamapori.

Lakini kipimo chukueni. Mtu akikuambia mbegu yake ni bora kwa sababu shina moja lilizaa sana, muulize: umepanda mashina mangapi? Lililozaa kidogo kabisa lilizaa nini?

Maswali ya kujadili: Kwa nini wastani peke yake hautoshi? Kwa nini tubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja? Pimeni debe tano za mahindi kwa mizani, mtafute wastani na tofauti ya kubwa na ndogo.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.