Kuyalainisha na Kuyasafisha Maji ya Visima Karibu na Kisumu



Mtu aliyelelewa Kisumu kwa maji ya Ziwa Victoria huona ajabu asikiapo habari ya maji magumu, kwani maji ya ziwa, ijapokuwa yana tope na ukijani wa mwani, hasa katika Ghuba ya Winam, na ijapokuwa ni hatari kunywewa kabla ya kutibiwa, ni maji laini, na sabuni hutoa povu upesi. Walakini mtu huyo huyo akihamia Koru, kunakochimbwa mawe ya chokaa, au chini ya Mlima Homa, ambao ni volkeno ya mawe ya jamii hiyo hiyo, akachimba kisima kirefu na kutia pampu, aghalabu atapata maji maangavu, yasiyo na tope hata chembe, lakini yanayomaliza kipande kizima cha sabuni kwa shuka chache, yanayokawiza maharagwe jikoni, na kuacha ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko huo ukidondoshewa ndimu hutoa vipovu na kuyeyuka, na hapo ndipo mwenye nyumba hutambua kwamba siku zote amekuwa akichemsha chokaa.

Dhana ninayokusudia kuipinga leo ni ile ya kwamba kuyalainisha maji ndiko kuyasafisha. Mtambo wa kulainisha una chembe za resini ambazo hushika kalsiamu na magnesiamu, vitu vinavyoyafanya maji kuwa magumu, na kutoa sodiamu badala yake. Basi, kazi yake imekwisha. Vijidudu hupita, na floraidi nayo hupita. Amma hiyo floraidi ndiyo inayonitia hofu kuliko ugumu wenyewe, kwa sababu Shirika la Afya Duniani halikuuwekea ugumu wa maji kikomo cha kiafya, ilhali floraidi limeiwekea miligramu 1.5 kwa lita, na katika ardhi za volkeno za Bonde la Ufa na kandokando yake visima vingi hupita kiasi hicho, meno ya watoto yakashuhudia kwa madoa ya kahawia. Kuchemsha huua vijidudu na hupunguza sehemu ya ugumu, bali floraidi huizidisha, madhali maji hupungua nayo ikabaki. Huko Nakuru, Dayosisi ya Kikatoliki imetumia makaa ya mifupa kuinasa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua hata bomba moja, sampuli ipelekwe maabara. Baada ya hapo utaratibu una mantiki yake: maji yatuame tangini, yapite katika chujio la mchanga, ndipo yaingie katika resini, na klorini iwe ya mwisho, kwa sababu tope huziba resini na klorini huila. Yakishatiwa klorini yaachwe nusu saa. Wala si lazima yote yalainishwe. Ya kufulia na ya kuogea yatosha, na bomba la kunywa lipewe njia yake lenyewe, kwani mgonjwa wa shinikizo la damu hana haja ya sodiamu ya ziada.

Mimi, kwa nyumba ya kawaida, ningetanguliza bati na tangi. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita mraba 50 ni lita 500, kasoro kidogo inayomwagika, na maji hayo hayana chokaa wala floraidi ya kutajika. Ukiyachanganya nusu kwa nusu na ya kisima, umevipunguza vyote viwili karibu nusu pasipo mtambo wowote. Klorini, hata hivyo, haiepukiki, maana juu ya paa hukaa ndege.

Wako watumiao magadi ya sokoni, na kwa kufulia hawakukosea, kwa kuwa magadi huitenga chokaa na maji ikatuama chini. Kwa kunywa, hasha! Magadi yatokayo Ziwa Magadi yenyewe hubeba floraidi.

Limebaki jambo la shimo. Resini ikishajaa huoshwa kwa maji ya chumvi, na maji hayo machafu yakimwagwa penye sukuma wiki huikausha. Basi yapaswa kuchimbiwa shimo lake, mbali na kisima, kabla mtambo haujanunuliwa. Ni nadra kuliona shimo hilo katika hesabu za mafundi.