SOMO LA SAYANSI: UKOKO UNAOUNGUA NA UKOKO USIOUNGUA

Leo twawasalimu hasa wanafunzi wa Majimoto, mkoani Katavi, maana jina la mahali penu ndilo mwanzo wa somo.

Maji ya chemchemi ya moto hupita katika miamba, yakayeyusha chumvi zake. Yachemsheni mpaka yakauke: chumvi hubaki sufuriani, wala moto hauziunguzi. Lakini ukoko wa wali ukizidi kuchomwa huwa mkaa, kisha majivu. Basi uchafu ni wa namna mbili: uondokao kwa moto na usioondoka.

Sasa twende kiwanda cha kusafishia mafuta. Mafuta mazito meusi yana salfa na madini kidogo, kama vanadi na nikeli. Hupitishwa pamoja na haidrojeni, katika joto kali, juu ya vidonge vidogo viitwavyo kichocheo. Kichocheo huharakisha kazi bila chenyewe kuliwa. Lakini siku zikipita, kaboni hukigandia kama ukoko, na madini huziba vitundu vyake. Hapo huchoka.

Je, kitupwe? Ngoja, kwanza kipimwe. Mkemia hukiosha mafuta, hukikausha, hukitia mizanini, kisha hukipasha moto polepole penye hewa. Kaboni ikiungua, uzito hupungua. Kinachobaki huyeyushwa kwa asidi, akatafuta vanadi na nikeli.

Uchafu ukiwa kaboni tu, huchomwa kwa uangalifu, na kichocheo hurudi kazini. Ukiwa ni madini mengi, moto hausaidii. Yafaa madini hayo yatolewe, maana vanadi hutumika kuimarisha chuma cha pua. Kukimwaga shimoni ni hatari: chaweza kushika moto chenyewe kikipata hewa, na sumu yake kuingia majini. Marekani ilikitia katika orodha ya taka za hatari mwaka 1998.

Mtasema, “Yatuhusu nini?” Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilianza 1963, na cha Kigamboni, Dar es Salaam, 1966. Vyote viwili havisafishi tena. Dizeli ya mashine zetu hutoka ng’ambo. Lakini Uganda yakusudia kujenga kiwanda Hoima. Mwenye kiwanda ni mwenye taka zake pia, na raia anayejua ndiye awezaye kuuliza zinakwenda wapi.

Zoezi: kwangueni gamba la birika, mlichome. Je, limeungua? Andikeni mlichoona. Kwaherini.