Kibanda cha Jikoni: Ziba Ukuta, Fungua Paa

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Majengo, mjini Nyeri. Leo sitaanza na dawa wala chanjo. Nitaanza na mbao, misumari na mabati. Utaniuliza, muuguzi na useremala wapi na wapi? Ngoja kidogo, utaona.

Ukitembea Majengo, na hata ukienda Karatina au Nanyuki, utaona nyumba nyingi zilizojengwa kwa mbao. Mbao ni zetu. Mwenye kipande cha shamba kule Tetu, Othaya au Mukurwe-ini ana mikima kwenye mpaka, ana mkaratusi karibu na bonde, pengine ana saiprasi mbili tatu. Akitaka kujenga humwita mwenye msumeno wa injini, mti ukaangushwa na kupasuliwa papo hapo shambani. Mwezi wa Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, bei ya mbao dukani ilipanda, na wengi wetu tukaigeukia miti yetu ya nyumbani.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Mwaka huo baba yangu alinipa mikima miwili. Ilipasuliwa siku ya Jumatatu, na wiki hiyo hiyo fundi akapigilia mbao kwenye kibanda changu cha jikoni, zikiwa bado mbichi. Kilipendeza! Lakini baada ya wiki chache mbao zilikauka, zikanywea, na kati ya ubao na ubao ukaweza kupitisha kidole. Mwezi wa Julai ulipofika na baridi yake, upepo uliingia kila upande. Nikafanya lile ambalo wengi hufanya. Nilichukua magunia na karatasi za nailoni nikaziba kila tundu, kuanzia chini mpaka kwenye paa. Jikoni kukawa na joto zuri, nami nikapika na mtoto wangu wa miezi kumi mgongoni.

Mtoto alianza kukohoa. Nikasema ni mafua ya baridi. Siku ya nne usiku nikamhesabu pumzi, nikapata 56 kwa dakika moja. Nilimfunga shali nikamkimbiza hospitali. Ilikuwa nimonia. Muuguzi mwenzangu aliniuliza swali moja tu: "Kwani mnapikia wapi?" Ni swali ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nikiwauliza akina mama kila siku. Nilikosa jibu.

Namshukuru Mungu, mtoto alitibiwa akapona, na leo anakwenda shule. Lakini kibanda kile kilinifundisha jambo ambalo nataka ulishike leo. Mama, nyumba ya mbao ina maadui wawili, baridi na moshi. Ukiziba kila mahali ili kuzuia baridi, unafungia moshi ndani. Ukiacha kila mahali wazi ili moshi utoke, mtoto anapigwa na baridi. Dawa yake ni kutenganisha mahali pa kulala na mahali pa kupikia. Kisha mahali pa kupikia, ziba ukuta, fungua paa.

Kwa nini moshi ni hatari hivyo? Moshi wa kuni una vumbi laini sana lisiloonekana kwa macho. Linashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu na kudhoofisha kinga yake, halafu vijidudu vya nimonia vinapata nafasi. Mapafu ya mtoto ni madogo na bado yanakua, naye hupumua haraka kuliko wewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto walio chini ya miaka 5. Wewe mama pia hukuachwa. Macho yanayowasha kila siku na kikohozi kisichoisha mara nyingi vinatokana na moshi huo huo.

Sasa tujenge. Kama una miti, au ndugu yako anayo, sikiliza hatua kwa hatua, kisha umwambie fundi wako.

Kwanza, siku ya kuangusha mti. Uliza ofisi ya misitu iliyo karibu nawe kuhusu kibali kabla ya kukata na kabla ya kusafirisha mbao. Siku hiyo watoto wasiwe karibu. Mti wa futi 40 ukianguka hufika futi 40, na matawi huruka mbali zaidi. Mpeleke mtoto kwa jirani mpaka kazi iishe. Lile vumbi la mbao linalobaki chini, usimwache mtoto alichezee kama mchanga. Linaingia machoni na puani, na likivutwa kwa miaka mingi linaweza hata kuleta saratani ya pua. Mpasuaji na afunge kitambaa puani na kuvaa miwani.

Pili, kausha mbao. Hapa ndipo nilipokosea mimi. Panga mbao zako chini ya kivuli, juu ya mawe, zisiguse udongo. Kati ya tabaka moja na jingine weka vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite. Funika juu kwa mabati makuukuu na uweke mawe mazito ili mbao zisijikunje. Mbao za inchi moja zipe angalau miezi miwili au mitatu, na kama ni majira ya mvua ziongezee muda. Ubao mkavu ni mwepesi kuliko ulivyokuwa, na ukiugonga hutoa sauti kali. Ule mbichi husikika kama umegonga gunia la viazi.

Tatu, nguzo na chini ya ukuta. Kibanda cha futi 8 kwa 10 kinatosha familia nyingi. Nguzo za kona zichimbiwe futi mbili. Mtarakwa ndio unaoshinda mchwa, lakini siku hizi wengi wanatumia mikaratusi iliyotiwa dawa. Ubao wa kwanza wa chini usiguse udongo. Uanzie inchi sita juu, kwenye mstari wa mawe. Hapo maji ya mvua yanayoruka hayataozesha ukuta, na mchwa akipanda utamwona.

Nne, mbao za ukutani. Msumeno wa injini hufuata mkono wa mwenyewe, kwa hiyo ubao hutoka mnene huku na mwembamba kule. Usitegemee mbao kama hizo zikutane vizuri zenyewe. Kuna njia mbili. Ukizilaza, ubao wa juu ulalie ule wa chini kwa inchi moja, kama mabati yanavyolaliana, na mvua itateremka nje. Ukizisimamisha, funika kila ufa kwa kipande chembamba cha ubao. Kipande hicho kipigiliwe kwenye ubao mmoja tu, ili ule mwingine ukinywea usipasuke. Hata yale mabanzi yenye maganda yanafaa, mradi uyaambue maganda kwanza, kwa maana wadudu hujificha humo. Ukifanya hivyo hutahitaji nailoni wala magunia ukutani, vitu ambavyo vikiguswa na cheche huwaka kwa kufumba na kufumbua.

Tano, na hii ndiyo kubwa, paa. Moshi hupanda juu, kwa hiyo upe njia juu. Acha nafasi ya shubiri moja kati ya mwisho wa ukuta na mabati, pande mbili zinazoelekeana. Weka wavu ili kuku na paka wasiingie. Mabati yatokeze nje vya kutosha kuzuia mvua. Weka dirisha upande ulio mkabala na mlango. Ukipata uwezo, mwambie fundi wa mabati akutengenezee kofia ya moshi juu ya moto, na bomba linalotoka nje kupitia paa. Bomba lisiguse ubao hata kidogo, maana linapata joto kali.

Sita, moto na ukuta. Upande wa moto usiache mbao wazi. Jenga ukuta mfupi wa mawe na udongo nyuma ya mafiga, ufike kiuno chako. Jiko kisasa, lile la udongo linalojengewa kwa matope, hutumia kuni chache kuliko mafiga matatu. Kuni zako zikauke vizuri kwanza, kwa sababu kuni mbichi ndizo mama wa moshi. Lakini itara ya kukaushia kuni juu ya moto, ile ya nyanya zetu, usiiweke kwenye kibanda cha mbao. Anika kuni nje, chini ya mabati. Mlango ufunguke kwa kwenda nje, na ndoo ya mchanga ikae karibu.

Sasa nakuomba usikilize vizuri maonyo matatu.

La kwanza ni mabaki ya nguzo zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani. Usizitumie kama kuni, hata kama ni kipande kidogo. Dawa yake ina sumu, na sumu hiyo hutoka kwenye moshi na kubaki kwenye jivu. Usipikie, na jivu lake usitupe kwenye mboga.

La pili ni oili chafu ya gari ambayo mafundi hupaka nguzo ili mchwa asile. Ipakwe sehemu inayoingia ardhini tu, si mahali mtoto atakapoegemea au kushika. Wala usiiweke, au mafuta ya taa, kwenye chupa ya soda. Mtoto akinywa, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja.

La tatu ni misumari. Kila jioni okota misumari yote iliyoanguka. Mtu akichomwa, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha aende kituo cha afya akapewe kinga ya pepopunda kama inahitajika. Na wewe mjamzito, usikose chanjo yako ya pepopunda kliniki.

Najua kuna mama anayesema, "Muuguzi, mimi ni mpangaji. Nina chumba kimoja cha mbao, shamba sina." Nimekusikia. Zungumzeni na mwenye nyumba, nyinyi wapangaji wa ploti moja, mjenge kibanda kimoja cha kupikia kwa mabanzi. Mabanzi ni rahisi kuliko mbao. Kama haiwezekani leo, pikia karibu na mlango ukiwa wazi, fungua dirisha, na usipike ukiwa na mtoto mgongoni. Mwachie mkubwa amshike nje ya moshi.

Na usiku wa baridi, tafadhali, usiingize jiko la makaa chumbani mnapolala. Makaa yakishawaka vizuri hayana moshi, nasi hudhani hayana hatari. Yanatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Mtu hulala, asiamke. Mkihisi kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu chumbani mkiwa na jiko, tokeni nje wote, kisha mwende hospitali. Mtoto apashwe joto kwa blanketi, soksi, kofia na kifua chako.

Mwisho, jifunze kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, tazama kifua kikipanda na kushuka kwa dakika moja nzima. Aliye chini ya miezi miwili, ukipata 60 au zaidi, hiyo ni hatari. Wa miezi miwili hadi kabla ya mwaka mmoja, ni 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Ukiona kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au ana degedege, usingoje asubuhi. Na chanjo ya kukinga nimonia, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2011, hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Tazama kijitabu chako cha kliniki kama amemaliza.

Mama, yale magunia na nailoni niliyang'oa mwenyewe siku tuliyotoka hospitali. Nikapigilia vipande juu ya kila ufa, na fundi akaniinulia paa kwa shubiri moja. Kazi ilikuwa ya siku moja tu. Ningeweza kuifanya mapema. Usingoje mpaka uulizwe swali nililoulizwa mimi.

Leo jioni moto ukiwaka, simama mlangoni mwa jikoni kwako utazame juu. Je, moshi una njia? Kama hauna, anza na hiyo.

Ni mimi muuguzi wako wa Majengo. Mpaka wiki ijayo, kaa salama, na mtoto wako akae salama.