Fundi wa Kisumu na Cheti cha Wingu

Fundi anayevuta nyaya za mtandao katika maduka ya Barabara ya Oginga Odinga, Kisumu, akitaka kuhamia kazi ya kompyuta za wingu, hukutana kwanza na mtihani wa cheti. Ule wa msingi wa Amazon ni dola 100, karibu shilingi 13,000. Unaofuata, dola 150. Na cheti chenyewe hudumu miaka 3 tu. Kwa anayelipwa kibarua kwa kibarua, hiyo ni kodi ya nyumba.

Hata hivyo ajitose, ila asikimbilie karatasi. Afungue akaunti ya mazoezi, apandishe tovuti ya muuza samaki wa Dunga, na kabla ya yote aweke onyo la matumizi, maana seva iliyosahaulika huendelea kutoza hata usiku. Kisha aibomoe tovuti hiyo, aijenge upya. Mwajiri makini atamuuliza hayo hayo.

Tayari vituo vya LakeHub na Zone01 vinakutanisha vijana wa teknolojia jijini humu. Kaunti iwalipie ada ya mtihani wale waliokwisha kuonyesha kazi ya mikono yao, na itenge fungu la ada hiyo katika bajeti ijayo.