Kiungo Kisichoonekana



Wengi wetu tuishio Unguja tumepanda magari makuukuu yenye bodi za mbao, yaliyokuwa yakitoka Darajani kwenda mashamba. Tukiwa tumebanana nyuma pamoja na vikapu vya muhogo, hatuioni mikono ya dereva. Tunaamini tu kwamba akigeuza usukani, magurudumu yatamtii.

Kati ya usukani na magurudumu pana chuma ambacho abiria hakioni, na dereva mwenyewe hukikumbuka mara chache. Mafundi hukiita shafti ya usukani. Huteremka kutoka kwenye usukani hadi kwenye boksi lake la gia, na viungo vyake hukazwa kwa bolti. Katika kisiwa chetu hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huleta kutu. Mashimo ya barabara nayo hulegeza kiungo kidogo kidogo.

Siku moja tulikuwa tukienda kusini kuwatembelea waumini, kwa gari letu la zamani. Tulipovuka matuta ya Jozani, yaliyowekwa ili kima punju wasigongwe, tulisikia mgongano mdogo chini ya miguu. Usukani uligeuka upana wa vidole viwili kabla ya magurudumu kuitika. Tukasema, "Ni uzee wa gari." Tukaendelea hivyo kwa majuma kadhaa, tena tukiwapakia watoto wa kwaya.

Hatimaye fundi mmoja wa Ng'ambo alilala chini ya gari. Alipotoka, alitutazama kwanza bila kusema neno. Meno ya kiungo yalikuwa yamelika, na bolti imeanza kuchomoka. Tukamwomba akichomelee, maana fedha zilikuwa chache na Jumapili ilikuwa karibu. Akakataa. Alitueleza kwamba moto huweza kudhoofisha chuma kile, na ufa ukajificha pale palipochomelewa hadi siku kitakapokatika.

"Padri," alisema, "gari likizimika, mtashuka msukume. Hiki kikiachia, hamtapata nafasi ya kushuka."

Basi tukangoja. Aliyanyosha magurudumu yatazame mbele, akaufunga usukani kwa kamba usizunguke, akatia alama ya rangi kabla ya kufungua, ili kila kitu kirudi mahali pake. Akaweka shafti nzima na bolti mpya. Kisha akaliendesha gari peke yake, polepole, kabla ya kumruhusu mtu mwingine kupanda.

Mtume Yakobo, katika sura ya 3 ya waraka wake, anautaja usukani mdogo unaoongoza merikebu kubwa. Wazee wetu wa pwani walilijua hilo, kwani neno usukani lilikuwa la chomboni kabla ya kuwa la gari. Humo mkono wa mwanadamu huufikia usukani kwa kupitia kana, ule mti wa kuugeuzia. Kana ikilegea, ustadi wa nahodha haufai kitu.

Ndugu wapendwa, Jumapili mikono yetu hushika usukani vizuri: tunasali, tunaimba, tunafundisha katekisimu. Je, Jumatatu magurudumu yanaitika? Kati ya sala na matendo pana dhamiri, nayo hailegei kwa siku moja. Hulegea kwa ahadi tuliyoichelewesha, kwa fedha ya jumuiya tuliyoikopa kimya kimya, kwa uongo mdogo tuliouita busara. Tunasikia mgongano, nasi tunasema ni uzee, ni ugumu wa maisha. Kumbe nyuma yetu wameketi watoto na wakatekumeni, ambao hawaioni mikono yetu bali wanatuamini.

Tusiombe kuchomelewa juu juu. Toba ya kweli hukifungua kiungo, huondoa kilicholika, tena hukubali kuchelewa safari. Juma hili, kila mmoja wetu autafute ule mgongano mdogo aliouzoea, na autengeneze kabla ya kupakia watu.

Mungu atujalie dhamiri iliyo imara. Amina.